Waliponiuliza Kama Niko Safi: Misimu Yangu Mitano ya Salfa

Wadogo zangu, nimestaafu. Nina miaka kumi na minane. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana huko mbele sina vichekesho vingi.

Kazi niliyostaafu ni kupuliza mikorosho. Sisemi kuokota korosho, wala kubangua, wala kuchekecha salfa na kuwabebea wanaume maji ya kunawia macho, ingawa hayo nayo nimeyafanya. Nasema kupuliza: mashine mgongoni, kamba mkononi, unavuta, inanguruma, unaingia chini ya miti ya watu kabla jua halijatoka. Nilianza nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikaacha mwaka jana nikiwa kidato cha nne. Misimu mitano, Jumamosi na Jumapili na likizo zote, hapa Newala na vijiji vya njia ya Tandahimba, na mara mbili tulishuka mpaka Lulindi upande wa Masasi.

Nimesikia kuna wasichana wawili wa kidato cha pili wanaotaka kuanza kupuliza msimu huu. Nimesikia pia kwamba wamekatazwa, na sababu waliyopewa ni mimi. Ndiyo maana naandika. Mimi si msemaji. Shuleni nikiitwa kujibu swali nilikuwa natazama meza mpaka mwalimu anachoka, anamwita mwingine. Lakini nimekuwa na daftari langu tangu darasa la saba, na mbele ya daftari sijawahi kuona haya. Someni, halafu mpeane.

Nianze na umande, maana bila umande hakuna kazi.

Salfa ni unga, na unga haushiki kwenye kitu kikavu. Ukifika shambani usitazame saa, shika jani. Pitisha kiganja juu ya jani la chini. Kikilowa kama umenawa, puliza. Kikitoka na unyevunyevu tu, harakisha. Kikitoka kikavu, rudi nyumbani ukalale, kwa sababu kila utakachopuliza kitaondoka na upepo kwenda kwa jirani ambaye hakukuita. Upepo nao uujue. Chukua majivu kidogo, yaachie, uone yanakoelekea, kisha upepo uupe mgongo. Bomba lielekeze juu, katikati ya mti. Usifuate ua moja moja kama unayepaka rangi dirisha. Wingu lipande lenyewe, likishuka litakaa kila mahali. Macho yakiwasha usiyasugue. Huku kwetu juu maji ni ya kutafuta, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani funga chupa yako ya maji kiunoni na usimwazime mtu.

Yote haya ni kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokaa kwenye maua ya mkorosho kama mtu amemwaga unga wa muhogo. Baada ya siku chache maua yanakuwa meusi na kudondoka, na msimu wa mwenye shamba unadondoka nayo. Ndiyo maana watu wana hofu wakati huo. Hofu yao naielewa. Kuna vitu vingine sivielewi.

Aliyenifundisha kazi ni mjomba Bakari, kaka yake mama. Sisi huku mnajua mjomba ni nani. Baba akikukatalia jambo bado unaweza kwenda kwa mjomba. Mjomba akikukatalia, huna tena pa kwenda. Mjomba Bakari alikuwa anapuliza kabla mimi sijazaliwa. Anaweza kusikia mashine ikiwa shamba la tatu akakwambia plagi yake imelowa. Alinifundisha kuchanganya oili na petroli: ukizidisha oili mashine inakohoa moshi, ukipunguza inajiunguza ndani.

Msimu wa kwanza niliisahau oili kabisa. Mashine ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza. Nilijua nitapigwa. Mjomba akatandika kanga kuukuu chini, akaketi, akasema, "Njoo ukae, mpwa wangu. Umeiua wewe, utaifufua wewe." Tulikaa pale mpaka adhuhuri, yeye anataja, mimi nafungua. Ilipowaka nilikuwa naijua kila skrubu. Hakunipigia kelele hata mara moja. Jioni alimwambia mama, "Dada, huyu mtoto wako ana mikono."

Nawaambia hayo ili mjue kwamba nilimpenda. Ningekuwa simpendi, hasira yangu ingekuwa imeshapoa.

Kikosi cha mjomba kilikuwa na watu wanne, mimi wa tano. Mmoja aliitwa Bosko, Mmakua wa Lisekese, Mkristo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Wengine wawili walikuwa Myao na Mmakonde, Waislamu kama sisi. Mjomba alijivunia sana mchanganyiko huo. Kila tulipofika shamba jipya alikuwa anautangaza kama mtu anayeuza nguo: "Kwangu mimi hakuna ubaguzi. Mmakua yumo, Myao yumo, wa kanisani yumo, wa msikitini yumo. Mnataka nini tena?" Wenye mashamba walifurahi. Utani ulianza hapohapo. Bosko anaambiwa Wamakua hawajui kutofautisha salfa na unga wa ugali, naye anajibu kwamba Mmakonde akipewa salfa ya bure ataila kweli, mpaka uzito wa mashine mgongoni unasahaulika.

Mimi sikutajwa kwenye orodha ile. Nilisimama palepale na mashine mgongoni, kilo zilezile wanazobeba wao, na mjomba alikuwa anawahesabu kwa vidole akinipita.

Asubuhi yangu ya kwanza shambani ilikuwa kwa mama mmoja mjane. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akamgeukia mjomba, si mimi.

"Bakari, huyu mtoto yuko safi?"

Nilikuwa nimevaa gauni lililofuliwa jana yake. Nikajibu mwenyewe, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "Ndiyo, mama. Nimeoga."

Bosko alicheka mpaka akakaa chini. Mama yule hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, akaniuliza kwa maneno ya wazi kama nilikuwa kwenye siku zangu. Anaamini, na wengi niliowapulizia wanaamini, kwamba msichana aliye kwenye siku zake akiingia shambani mikorosho ikiwa imechanua, maua yanaungua. Nilikuwa nimeanza miezi mitatu tu kabla ya hapo. Nilimwambia kweli, kwamba ndiyo, ni siku ya pili, kwa sababu nilikuwa sijajua kwamba kusema kweli kuna adhabu yake.

Nilirudishwa nyumbani peke yangu, kwa miguu, kijiji kizima kimeamka. "Somoe, mbona umerudi?" "Somoe, kazi imekushinda?" Kila mlango swali. Sikumjibu mtu, lakini kufika saa nne walikuwa wameshajijibu. Jumatatu darasani wavulana wa nyuma walisema mikorosho imeponea chupuchupu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Usiku ule niliandika ukurasa mmoja na nusu kisha nikauchana, halafu nikaandika tena uleule. Huu wa pili ninao.

Jumamosi iliyofuata, njiani, mjomba alinifundisha jambo jingine ambalo si la mashine.

"Leo wakiuliza, mimi nitakutazama," alisema. "Wewe tikisa kichwa kuitikia. Mimi nitasema uko safi."

"Na kama siko?"

"Tikisa kichwa."

"Lakini mjomba, maua…"

"Somoe. Nimepuliza miaka mingi kuliko umri wa mama yako alipokuzaa. Maua yanaungua kwa jua na kwa uzembe. Tikisa kichwa."

Basi nikatikisa. Misimu mitano nimetikisa kichwa kila alfajiri, na kila alfajiri mjomba alisema "Yuko safi" kwa sauti ya mtu anayeapa. Yeye ana mke na mabinti watatu. Anajua kuhesabu siku za mwezi. Alijua kabisa kwamba hakuna msichana anayekuwa safi kwa maana yao Jumamosi zote na Jumapili zote za miezi mitatu. Nisomeni vizuri hapo: alijua. Na kichekesho chake ni kwamba saa moja baadaye nilikuwa natoka chini ya miti nimejaa salfa kuanzia kope mpaka vidole vya miguu, nanuka mpaka shuleni wakaniita Kiberiti, na wakati huo hakuna aliyeuliza kama niko safi.

Pale Lulindi nilidhani kutakuwa tofauti. Watu wengine, kanisa, kengele ya asubuhi, mashamba ya tambarare. Mwenye shamba alitupa uji kabla ya kazi, jambo ambalo Newala halikuwahi kunipata. Nikajisemea, hawa wana utaratibu wao mwingine. Kisha akaweka kikombe chini, akamwuliza mjomba swali lilelile, kwa maneno yaleyale.

Nimelifikiria sana hilo. Watu wetu wanabishana kuhusu karibu kila kitu. Nani alifika kwanza kwenye ardhi hii, ugali wa muhogo au wa mahindi, kuzika asubuhi au jioni, nani ana jando la kweli. Na wamejifunza kuishi na ubishi huo, wanataniana, wanaoleana, wanazikana. Huo ni uzuri wetu, naukubali kabisa. Lakini Mmakonde na Mmakua na Myao, wa msikitini na wa kanisani, walikubaliana jambo moja bila kikao, nalo ni kwamba mimi ni hatari kwa maua. Ndipo nikaelewa kwa nini mjomba hakunihesabu kwa vidole. Kwake watu tofauti ni wanaume wanaosali tofauti. Mwanamke hakuwa kwenye hesabu hiyo. Mwanamke alikuwa kama hali ya hewa, kitu cha kuulizia kabla ya kuanza kazi.

Msidhani wavulana wamepona. Bosko alikuwa na kifua kibovu. Salfa ikimwingia alikohoa mpaka machozi. Lakini kupika alijua kuliko mama yangu, na mama asisikie. Maharage ya Bosko yalikuwa yanatufanya tumalize shamba mapema ili tuyawahi. Msimu wa tatu alimwomba mjomba mbele yetu sote: "Mzee, mimi nichekeche salfa, nipike, nitengeneze mashine. Somoe abebe yangu. Ana pumzi kuliko mimi."

Mjomba alimtazama kama amemwomba amwozeshe mbuzi. "Mwanamume ashike mwiko, msichana ashike mashine. Mwenye shamba akitukuta hivyo atasema nini?"

"Atasema maharage matamu," Bosko akajibu.

Tulicheka, mjomba naye akacheka, kisha akamvalisha mashine. Siku hiyo Bosko alitapika kwenye mstari wa nne wa miti. Hakuna aliyemuuliza yeye kama yuko salama.

Sasa nije kwenye shamba la Baba Rukia.

Baba Rukia ana shamba kubwa kuliko wote tuliowapulizia, miti iliyopangwa mistari, unaweza kusimama mwanzo usione mwisho. Ni mtu wa maneno machache na anayeheshimiwa. Akikupa shamba lake, wengine kumi wanakufuata. Akikunyima, kumi hao nao wanakunyima. Msimu wa mwaka jana, mwezi wa saba, ilikuwa zamu yake Jumamosi. Ijumaa mjomba alikwenda Tandahimba kwenye sherehe ya watoto waliotoka jandoni. Tulimngoja barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri, mimi na wenzangu, tumekalia mashine. Alifika jua limeshapanda, macho mekundu.

Tulipoingia shambani nilishika jani. Nilishika la pili, la tatu. Upepo ulikuwa umeanza.

"Mjomba, jani limekauka."

"Piga tu."

"Haitashika."

"Baba Rukia ataona wingu la salfa. Umande hauoni. Piga."

Tukapiga. Niliiona salfa ikipita juu ya maua kama moshi wa lori na kwenda zake. Bosko aliniangalia, nikamwangalia. Tulipuliza shamba zima namna hiyo, kuanzia saa tatu mpaka karibu saa sita. Nilipofika nyumbani niliandika kwenye daftari kama nilivyoandika kila siku ya kazi: shamba la nani, umande ulikuwaje, upepo ulitoka wapi, mimi mwenyewe nilikuwaje.

Baada ya wiki mbili maua ya Baba Rukia yalikuwa meupe. Baada ya tatu yalikuwa meusi.

Tuliitwa uani kwake, siku ya shule, jioni. Nilikwenda moja kwa moja na begi langu mgongoni. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wenye mashamba kama kumi hivi, nasi wanawake kwenye mkeka karibu na jiko. Baba Rukia hakupaza sauti.

"Bakari. Siku ile, yule mtoto alikuwa safi?"

Mwaka wa tano wa swali lilelile, na kwa mara ya kwanza mjomba hakunitazama. Alitazama mikono yake. Nilimngoja aseme. Maneno yalikuwa mepesi tu: nilichelewa, mzee wangu, nisamehe. Angetozwa, angesemwa, yangepita.

"Mambo ya wanawake," mjomba alisema, "mimi siyajui."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakunisingizia, mnaona? Aliniachia mlango wazi tu, nao wakaingia wote. Mzee mmoja akasema, "Si tulisema." Mama Rukia, mkewe Baba Rukia, akajifunika kanga usoni kama amepata msiba. Mwingine akasema watoto wa siku hizi hawana khofu. Yule mjane wa asubuhi yangu ya kwanza alikuwepo pia, akaeleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kunirudisha.

Sijui nilisimamaje. Mimi nisiyeweza kujibu swali la jiografia. Nilifungua begi, nikatoa daftari, nikaanza kusoma. Sikuwaangalia, nilikuwa naangalia mwandiko wangu.

Nilimsoma mzee aliyesema "si tulisema". Shamba lake, msimu wa tatu, Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, umande mzito, upepo wa mashariki, niko kwenye siku zangu, siku ya kwanza, tumbo linauma. Nilimsoma aliyekaa pembeni yake. Umande wa wastani, siku ya tatu. Nilimsoma mjane: msimu wa pili, alinipa muhogo wa kuchemsha, nilikuwa siku ya pili. Nilisoma tisa. Kila niliyemsoma alikuwepo pale na kila mmoja msimu huo alivuna. Mzee wa "si tulisema" alivuna mpaka akaezeka nyumba bati upya. Nilitaka kumwambia kwamba mvua ikinyesha juu ya bati lile anikumbuke. Sikumwambia. Nawaambia ninyi.

Kisha Baba Rukia akasema, taratibu sana, "Kwa hiyo umetudanganya miaka yote hii."

Basi. Hilo ndilo waliloondoka nalo. Mashamba tisa yaliyozaa hayakuwa ushahidi wa kitu chochote, ila ushahidi kwamba mimi ni mwongo. Mmoja akasema labda madhara yalikuwa yanajikusanya kidogo kidogo, yakaja kutokea kwa Baba Rukia.

Kuna vitu viwili sikuvisoma. Sikusoma ukurasa wa siku ya shamba la Baba Rukia. Mama Rukia aliniuliza, "Na siku ile je?" Nikafunga daftari. Ningesema nilikuwa safi, ningekuwa nimekubali kwamba swali lao ni la haki. Mpaka leo sijamwambia mtu, na hapa sitaandika. Cha pili ni ile saa tatu na jani kavu. Hicho nilikinyamazia kwa sababu yule alikuwa mjomba wangu, amekaa mbele ya watu, na mimi nimelelewa.

Njiani nilimuuliza. "Mjomba, kwa nini hukusema tulichelewa?"

"Nikisema hivyo nani atanipa shamba tena? Nina watoto."

"Na mimi?"

"Wewe unasoma. Halafu utaolewa. Haya yataisha."

Alisema kwa upole, kama anayenifariji. Nimelisikia neno hilo kila siku tangu mwaka jana. Jina lake ni la kazi, linahitaji kulindwa. Jina langu ni la kupita, mtu anaweza kulitumia akiwa na shida. Bosko alinifuata nyuma akasema angetetea, ila naye angekosa kibarua. Nyumbani mama akasema, "Si ungesema tu ulikuwa safi, yakaisha?" Nililala bila kula, na sikuandika chochote.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Sikuagwa, sikupewa kuku. Mjomba aliendelea kupuliza. Baba Rukia alimpa shamba lake tena.

Mwezi huu wa sita miti ya mama imeanza kutoa maua. Juma lililopita mjomba alikuja alfajiri bila kuitwa, mashine mgongoni. Mama akamtolea kiti. Nikamwamkia, akaitika.

"Nimekuja kumpulizia dada," alisema. "Na wewe uje ushike. Watu wameshasahau."

Nikamwambia hawajasahau. Nikamwambia habari za wale wasichana wawili, kwamba wamekatazwa kwa ajili ya shamba la Baba Rukia. Akawa anacheza na kamba ya mashine.

"Mjomba, siku ile tulipuliza saa ngapi?"

"Somoe, umande unakauka," mama akasema.

Nikarudia. Mjomba akaishusha mashine. "Saa tatu," alisema. "Jani lilikuwa kavu. Uliniambia."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo mwaka mzima na nilidhani yakija nitalia. Nilichopata ni hasira mpya, kwa sababu yalikuwa mafupi na rahisi hivyo, na yalisemwa uani kwetu mbele yangu na ya mama na kuku.

"Usiniambie mimi, mjomba. Mimi nilikuwepo."

Akamtazama mama. Nilijua mama atamwokoa, ni kaka yake. Mama akasema, "Bakari, Baba Rukia saa hizi bado hajatoka. Ukienda sasa utamkuta."

Mjomba akakaa kwenye kiti. Alikaa pale mpaka jua likapanda na majani ya miti ya mama yakakauka. Kisha akabeba mashine akarudi kwake. Kesho yake nilimpulizia mama kwa mashine ya kuazima.

Nilimpa mjomba siku saba. Leo ni ya nane. Kwa hiyo ninyi wawili wa kidato cha pili, chukueni karatasi hii mkawasomee wazazi wenu, na nakala nyingine nampelekea Baba Rukia mwenyewe. Shamba lake lilipulizwa kuanzia saa tatu asubuhi, jani likiwa kavu na upepo umeshaanza, kwa amri ya Bakari, mjomba wangu. Nilimwambia haitashika. Akasema piga.